Majivu Langoni na Mguu Wangu wa Kushoto

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyeamka, ukautazama mguu wako, ukaona si wako. Mimi niliuona hivyo, wa kushoto, na mpaka leo nikiukumbuka ule mchana nashika ukingo wa kitanda.

Kusoma nilijifunza nikiwa tayari na wajukuu, kwenye kisomo cha watu wazima, ndani ya ghala la pamba. Kwa hiyo mahali pengine utaona maneno yamegongana. Usinicheke sana. Mwalimu wetu alituambia: kila siku andika jambo moja uliloliona kwa macho yako, usiongeze, usipunguze. Kuongeza sikuongeza. Kupunguza nilipunguza, na aliyeumia kwa huko kupunguza si mimi.

Mume wetu alipofariki alituacha wanawake wawili ndani ya uzio mmoja wa minyaa, karibu na Samuye. Mimi mke mkubwa, mama wa Masanja. Mdogo wangu ni Mama Limi, ambaye binti yake ameolewa na mchimbaji huko Nyarugusu, Geita. Tuligombana kama wake wenza wanavyogombana. Mara moja alinimwagia uji wa moto mguuni, lakini ilikuwa bahati mbaya. Mara moja nilimfichia kinu siku tatu, na hiyo haikuwa bahati mbaya. Lakini tulipalilia pamoja, tukazika pamoja, na jioni tulikula sahani moja.

Ilikuwa palizi ya kwanza ya pamba. Mvua zilikuwa zinapiga, na udongo wa mbuga uling'ang'ania miguu kama mtoto anayetaka kubebwa. Asubuhi nilitoka na jembe nikiwa mzima. Saa sita nilianza kutetemeka kwa baridi, na jua liko utosini. Nikadhani ni malaria, nikarudi nyumbani, nikajifunika blanketi mbili. Nilipozifunua ili nikajisaidie, nikaona mguu.

Ulikuwa unang'aa kama bilinganya. Kifundo hakikuonekana. Nilibonyeza kwa kidole, shimo likabaki pale likinitazama. Halafu nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa mtu yeyote: mstari mwekundu, mwembamba kama uzi wa kushonea, umetoka kwenye kifundo, umepita ndani ya goti, unapanda pajani. Nilijaribu kuufuta kwa mate. Nilidhani ni rangi. Nikaufuata kwa kidole mpaka kwenye kinena, na huko nikakuta mtoki mkubwa kama yai la kanga. Nilipougusa nilipiga kelele hadi kuku wakakimbia.

Mama Limi aliingia mbio, mikono ina unga.

"Dada, nini?"

"Angalia."

Aliangalia. Akafuta unga mikononi, akaenda kuchota maji.

Jioni niliandika kwenye daftari jambo la siku. Ninalo bado. Linasema hivi: "Leo asubuhi nimekanyaga majivu langoni. Mama Limi kayamwaga. Mchana mguu umevimba."

Hayo tu. Kila neno ni kweli.

Zahanati yetu ilikuwa na mhudumu mmoja, mtu mwema, ila sindano zilikuwa zimekwisha. Alinipa vidonge vyeupe akaniambia niinue mguu juu ya gunia. Siku ya sita homa ikaondoka. Uvimbe ulishuka nusu, nusu ukabaki kama mgeni asiyejua kuaga. Muda wote huo Mama Limi ndiye aliyenihudumia. Mimi siwezi kuinama mpaka kwenye vidole, mgongo wangu ulikataa zamani. Kila jioni alileta maji ya vuguvugu, akaniosha, akapanua kidole kimoja kimoja akakausha katikati kwa kipande cha kanga kuukuu. Nilimwambia aache, vidole haviumi. Akasema, "Havikuumi wewe. Mimi naviona."

Sikumuuliza anaona nini. Nashangaa mpaka leo kwamba sikuuliza.

Wakati wa kuvuna pamba mguu ulipanda tena. Baridi ileile, mstari uleule, mtoki uleule. Safari hii uliposhuka, ulishuka robo tu, na ngozi ikawa nene, ina vitundu kama ganda la chungwa. Katambuga zangu za tairi hazikunitosha, Masanja akazikata mikanda na kuniungia mingine. Wanawake kisimani walinisalimia mimi kwa mdomo na mguu kwa macho.

Sasa niseme habari za Masanja, na nizipime vizuri, kwa sababu ni mwanangu, na kwa sababu alikosea. Masanja alimwona baba yake akifa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja jina. Aliogopa kwamba nami nakwenda hivyohivyo. Alipoona mguu umerudi mara ya pili, alikamata kuku, akamleta nimtemee mate, kama ilivyo desturi kwa mgonjwa asiyeweza kutembea mwenyewe, akaenda naye kwa mganga upande wa Kishapu. Nilimtemea yule kuku kwa hiari yangu. Hakuna aliyenilazimisha.

Alirudi uso umekauka.

"Amempasua, ameona," alisema. "Umetegwa, mama. Umekanyaga kitu. Aliyekitega hayuko mbali, mnakula naye."

"Amemtaja?"

"Hakutaja jina."

Kweli, yule mzee hakutaja jina. Na alipokuja kunichanja chale kuzunguka kifundo, alimwambia Masanja kwa sauti niliyoisikia, "Dawa hii ni yangu, lakini hospitali nako mpelekeni." Chale zile zilivimba, na daktari baadaye alizikunjia uso. Lakini mzee alisema hospitali, na sisi ndio hatukwenda. Haki yake nampa.

Masanja aliondoka pale akatafuta alichokuwa anakitafuta. Alikipata chini ya mto wangu. Alilisoma daftari.

Mchana mmoja baada ya mavuno, shemeji zangu walikaa uani kwenye viti vya kukunja. Mimi niliwekwa mlangoni, mguu juu ya gunia. Mama Limi alikaa chini kwenye ngozi ya mbuzi, akichambua michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, hajui kwamba kikao ni chake. Masanja alisimama.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba."

"Mimi sisemi lolote. Litasema hili." Akainua daftari.

"Kaandika nani?" aliuliza shemeji mkubwa.

"Mama mwenyewe. Kwa mkono wake, siku ileile."

Alisoma. Shemeji akasema, "Soma tena." Akasoma tena. Ya tatu hakuambiwa, alisoma mwenyewe. Sikuwahi kusikia maneno yangu yakisomwa na mtu mwingine. Yalitoka yamepanga mstari, majivu, Mama Limi, mguu, kama ng'ombe wanaofuatana kwenda kunywa maji. Nilipoyaandika hayakuwa yanafuatana. Yalikuwa mambo matatu ya siku moja.

"Neno la mdomo linaweza kugeuka," shemeji alisema. "Hili limeandikwa. Mama Limi, majivu ulimwaga, hukumwaga?"

"Nilimwaga."

"Basi."

Mama Limi alinigeukia. Michembe ilikuwa bado mkononi. "Dada," alisema, "sema."

Nikasema, "Nilichoandika ndicho nilichokiona."

Aliendelea kunitazama kidogo. Kisha akaweka michembe chini, taratibu, kana kwamba ni mayai. Kesho yake asubuhi alibeba furushi lake kichwani, akapita palepale langoni, akaenda kupanda lori la Kahama ili afike kwa Limi. Hakuna aliyempiga, na hakuna aliyemtukana. Naliandika hili kwa ajili ya haki ya shemeji zangu. Lakini hakuna aliyemsindikiza, na hilo naliandika pia.

Nilikaa bila mtu wa kunikausha vidole. Wakwe zangu, wake za wanangu, walikuwa na watoto wao na mashamba yao, na mimi niliona haya kumwomba mtu anishike miguu. Mvua za kwanza ziliponyesha, mguu ulipanda mara ya tatu, na hiyo ya tatu ndiyo iliyotaka kuniondoa. Mstari ulifika kinena kabla ya jua kuzama. Nilianza kumwita marehemu mama yangu. Masanja alinifunga kwa kanga mgongoni mwake, juu ya baiskeli, akaendesha hadi mjini Shinyanga, matope yanafika kwenye mnyororo. Akichoka alishuka akasukuma. Hakulalamika njia nzima. Hili nalo liandikwe kwake.

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, nikuambie: benchi ndilo nusu ya ugonjwa. Unakaa na watu usiowajua hadi unajua choo chao kigumu au laini. Mimi nilikaa karibu na Bi Zuhura, mfanyabiashara wa mjini, mwenye kidonda cha sukari kwenye kisigino. Alikuwa na ulimi.

"Mama, huo mguu umeuazima kwa tembo?"

"Nimeuazima. Yeye kabaki na wangu."

"Maskini, tembo ataanguka." Alicheka mpaka akashika kisigino. "Unajua, mwaka huu nimepanga foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya kanga, na sasa foleni ya sindano. Foleni ya kufa tu ndiyo haina kusukumana."

"Usiseme hivyo, Bi Zuhura."

"Nisiposema mimi, watasema hao wenye makoti meupe, tena kwa Kiingereza."

Nilicheka, na homa imenijaa. Kama uko kwenye benchi sasa, mtafute Bi Zuhura wako. Kila benchi lina wake.

Nililazwa. Sindano asubuhi, mchana, jioni, saa za kulala; matako yakawa kama chujio. Siku ya pili daktari, kijana mwenye umri wa kuwa mwanangu, aliniambia bila kuzungusha: "Mama, mguu ukipanda tena namna hii, tutazungumza habari ya kuukata." Nilimsikia, lakini nilihisi anaongea na mtu wa kitanda cha nyuma. Niligeuka hata kutazama.

Siku ya nne alivuta kigoda akakaa chini, akaushika mguu wangu magotini mwake. Nilishtuka. Daktari kukaa chini ya miguu ya mwanamke wa shamba! Akapanua vidole, kidole kidogo na mwenzake.

"Mlango huu hapa," alisema.

Alinipa kioo kidogo cha muuguzi nikatazama. Katikati ya vidole palikuwa na ufa mweupe, laini, umelowana, kama mkate ulioangukia chai. Si mkubwa kuliko punje ya mchele.

"Hapo tu?"

"Hapo tu. Matope, unyevu, ngozi inapasuka, vijidudu vinaingia. Ule mstari mwekundu ni njia vinayopandia."

"Lakini daktari, nimelima matope tangu utoto. Nimechomwa na miiba, nimekatwa na jembe. Sikuvimba."

"Una umri gani?"

"Nilizaliwa mwaka ambao nzige walikula mtama wote."

Alitabasamu. "Basi una miaka sitini na kitu. Sikiliza, mama." Alichora nyuma ya kadi yangu. Nitaandika nilivyoelewa, na huenda nimekosea, maana yeye alisoma miaka mingi na mimi nilisoma ghalani. Alisema mwilini, mbali na mishipa ya damu, kuna vijia vyembamba vya maji meupe, vinapanda kutoka miguuni mpaka kwenye mitoki. Kando ya vijia hivyo wanakaa walinzi. Mdudu akiingia, wao humkamata palepale, wala wewe hujui. "Ukiwa kijana, walinzi nao ni vijana. Ukizeeka, nao wanazeeka. Wanapungua, wanachelewa kuamka. Na kijia kilichovamiwa mara mbili tatu kinaziba, maji hayapandi, mguu unavimba. Watu uzee wanauona kwenye mvi tu. Huu wa ndani hawauoni."

Sijui kwa nini hilo ndilo lililonipiga kuliko habari ya kukata. Nilijua nimezeeka magoti, na macho, na meno. Lakini kwamba ndani kuna waliokuwa wananilinda usiku na mchana miaka yote, bila kuwalipa hata shukrani, na sasa wamesinzia mmoja mmoja nisijue! Nilikaa na ile kadi mikononi kama mtu aliyepewa barua ya msiba.

"Tutawaongezea mgambo," daktari alisema. "Sindano moja kila mwezi, mwaka mzima. Na nyumbani, sabuni na maji kila siku, na kukausha hapa katikati. Nani alikuwa anakuangalia hapa?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema "hakuna". Nikasema, "Mke mwenzangu."

"Alifanya vizuri. Aendelee."

Daktari aliondoka kwenda kitanda kingine, na pale, muuguzi akipita na ndoo, nikakumbuka. Jioni ya kuamkia siku ile ya kwanza, siafu walikuwa wamepanda kutoka mbugani wanaelekea kwenye vifaranga. Nilikuwa nimekaa jikoni nachochea ugali. Nikapaza sauti: "Mama Limi, mdogo wangu, mwaga majivu langoni, siafu watatumaliza!" Naye akajibu, "Yakipoa, dada." Yalipoa asubuhi. Akayamwaga asubuhi. Nikayakanyaga.

Mimi ndiye niliyemtuma.

Natamani niseme kwamba nilisahau, yakaisha. Nimejiuliza mara nyingi. Siku ya kuandika nilikuwa na homa. Hapo nakubali nilisahau. Siku ya kikao, aliponiambia "Dada, sema", hapo sijui. Nafikiri lile jambo lilikuwepo, kama mtu aliyesimama nje ya mlango, nami sikuinuka kumfungulia. Nilikuwa naogopa ule mguu. Nilitaka uwe na mwenyewe, mtu wa kuambiwa auondoe. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ninavyofikiri, siyo kwa sababu nina hakika.

Utadhani nilitoka hospitali nikasema siku hiyohiyo. Sikusema. Nilipanda baiskeli ya Masanja, nikafika, nikanyamaza. Sindano ya mwezi wa kwanza ikapita, ya pili ikapita. Sabuni duka la kijiji halikuwa nayo. Nilioga kwa maji matupu nikiomba Mungu.

Karibu na sindano ya tatu, mchimbaji mmoja wa kijijini kwetu alirudi kutoka Geita kumzika baba yake. Alipita kwangu na kitu kimefungwa kwenye kitambaa.

"Shikamoo, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, baba. Pole kwa msiba."

"Nimeshapoa. Hiki kimetoka kwa Mama Limi, kule machimboni. Amesikia ulilazwa. Amesema, kaoshee katikati ya vidole, kisha kausha sana."

Nusu mche wa sabuni. Katika mwaka ule! Huko machimboni kipande kama hicho watu walibadilishana kwa mawe ya dhahabu, labda natia chumvi, lakini kidogo sana. Yule kijana aliendelea kuongea, nikamwona midomo inacheza na sikusikia kitu. Alipoondoka nilimwita Masanja kutoka zizini.

"Kaa," nilimwambia. Nikamwambia yote, siafu, ugali, na sauti yangu mwenyewe.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa nini hukuandika?"

"Mwalimu alisema andika ulichokiona kwa macho."

"Na ulichokisema kwa mdomo je, mama?"

Alisimama, akatembea hadi kwenye uzio, akarudi. "Nilisoma mara tatu," alisema. "Mara tatu! Mbele za watu! Na wewe umekaa pale!" Hakuwahi kunipazia sauti maishani mwake. Nilimwacha. Ilikuwa stahili yangu, na nusu ilikuwa yake, na nafikiri alijua.

Baada ya sindano ya sita, kiangazi kimekauka, nilikwenda Geita. Masanja alitaka kwenda badala yangu nikakataa. Lori hadi Kahama, lori lingine kupitia Ushirombo, mguu umefungwa bendeji juu ya magunia ya mchele. Nyarugusu nilikuta watu wa rangi moja, wote wa vumbi, hujui Msukuma ni yupi wala Msumbwa ni yupi. Milio ya kutwanga mawe kwenye vinu vya chuma ilitoka kila upande. Kijana mmoja alitoa kichwa kwenye shimo, ambalo wao huliita duara, akanitazama.

"Bibi, huo mguu umeingia duara gani? Umetoka na mzigo!"

"Niulizie Mama Limi, mjukuu, acha maneno."

"Mama Uji? Yule pale, wa moshi."

Alikuwa anakoroga sufuria kubwa, wachimbaji wamechuchumaa na vikombe. Alikuwa amekonda. Aliniona, akaendelea kukoroga mpaka uji ulipoiva. Hakuwa mtu wa kuunguza uji kwa ajili ya mgeni. Kisha akanipa kigoda.

"Karibu, dada. Umekuja na mguu wote?"

"Wote."

"Haya."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Kahama. Yote yalitoroka. Nikasema tu, "Mimi ndiye niliyekutuma majivu."

"Najua."

"Ulikumbuka? Siku ya kikao?"

"Nilikumbuka kabla Masanja hajamaliza kusoma mara ya kwanza."

Niliduwaa. "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuambia wewe useme." Alifuta mikono kwenye kanga. "Ningesema mimi, lingekuwa neno la mchawi anayejitetea. Lako ndilo lilikuwa na kazi. Nikangoja. Nilipokuwa juu ya lori bado nilikuwa nangoja, naangalia nyuma, nasema labda Masanja atakuja na baiskeli."

"Na bado ukaniletea sabuni."

"Dada, vile vidole niliviosha msimu mzima. Niviache vioze kwa sababu mwenyewe kaninyamazia?"

Mchimbaji mmoja aliomba uji akamjaza kikombe. Nikamwomba msamaha. Hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Kayaandike, yakasomwe palepale. Kwa walewale. Na asome Masanja, mara tatu, kama alivyosoma yale. Nitakuja kusikiliza."

Ikawa hivyo. Niliandika ukurasa mmoja, kwa siku tatu, nikifuta na kuandika. Shemeji zangu waliitwa. Mama Limi alikaa kwenye kiti safari hii, siyo chini. Masanja alisoma. Mara ya kwanza sauti ilikuwa imara. Mara ya pili ilipasuka pale penye "mimi ndiye niliyemtuma". Mara ya tatu shemeji mkubwa akasema, "Inatosha, tumesikia." Mama Limi akasema, "Haitoshi. Soma, baba." Akasoma mpaka mwisho.

Shemeji walitoa mbuzi. Walisema maneno ya kusafisha jina, na nasema kwa haki kwamba waliyasema kwa kuinamisha vichwa. Mama Limi alimpokea mbuzi, akampa mkono kila mmoja. Mimi alinikumbatia. Nikadhani yamekwisha. Nikamtandikia kitanda chake.

Alilala siku nne. Siku ya tano akafunga furushi.

"Unakwenda wapi, mdogo wangu? Hapa ni kwako. Wamesema wenyewe."

"Wamesema. Na mimi nimesamehe, dada, sikudanganyi." Alikaza fundo. "Lakini kila nikipita pale langoni najikuta naangalia miguu yangu. Siwezi kuishi naangalia chini. Kule wananiita Mama Uji, na wananikopa, na wananitania. Nitakuja wakati wa palizi, tupalilie. Kulala, nitalala kwa Limi."

Nilipigwa na butwaa. Miezi yote ile nilikuwa nimefikiri kwamba msamaha ni mtu kurudi. Kumbe vinaweza kuwa vitu viwili, ukapewa kimoja. Sikumlaumu. Nilipima, nikaona angekuwa mjinga kurudi.

Safari hii Masanja alimsindikiza, furushi kwenye baiskeli. Kabla hawajaondoka Mama Limi aligeuka. "Nani atamwangalia vidole?" alimuuliza. "Yeye hafiki, mgongo umekataa." Masanja alikaza kamba ya furushi.

Kwetu mtoto wa kiume mtu mzima hashiki miguu ya mama yake. Sijui kama ni mwiko, lakini sijawahi kuona. Jioni ile alirudi, akafunga ng'ombe, akaja na beseni. Akapiga goti. Mikono yake ni mikono ya jembe, na ilinishika kama mtu anayeshika kifaranga asije akamwua. Nilitazama pembeni. Aliosha. Akapanua kidole kidogo na mwenzake, akainamia kwa karibu, akakausha, akaenda kwa kinachofuata. Alichukua muda mrefu sana.

"Mama," alisema, hajainua kichwa. "Mama Limi alikuwa anafanya hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Hata siku ile ya kikao?"

Ilibidi nifikiri, nisiongeze, nisipunguze.

"Hata siku ile," nikasema. "Asubuhi yake."

Aliushikilia mguu wangu hivyohivyo, maji yakipoa ndani ya beseni, na sikumwambia ainuke.